Kuonekana si Kujulikana: Sedna na Haki ya Kutoa Jina



Mwezi Septemba 1990, darubini moja iliyoko mlima Palomar, kusini mwa California, ilipiga picha ya kipande cha anga. Katikati ya nyota zilizojaa kwenye picha ile palikuwa na nukta moja ambayo haikuwa nyota. Hakuna aliyeitambua. Picha ikawekwa pamoja na nyingine. Tarehe 14 Novemba 2003 nukta hiyo hiyo ikanaswa tena mlimani hapo hapo, safari hii mara tatu kwa usiku mmoja. Ilipofika Machi 15, 2004, dunia ilikwishatangaziwa jina lake: Sedna, gimba la mbali kuliko lolote lililokuwa limepata kutambuliwa likilizunguka Jua.

Dai langu jioni hii ni hili. Katika elimu ya anga kitu hakigunduliwi siku kinapoonekana. Kinagunduliwa siku tunapoweza kukiacha, tukaenda kulala, kisha tukajua pa kukitafuta mwezi ujao. Kinachogunduliwa ni njia yake. Jina huja baadaye, na ugomvi wa majina, ambao nitaufikia, mara nyingi ni ugomvi wa nani alikuwa wa kwanza kuijua njia.

Mifano ipo tele. Galileo aliichora Neptuni katika madaftari yake mwishoni mwa 1612 akiidhania nyota. Ikakaa hadi Septemba 1846 ndipo Johann Galle alipoitambua kule Berlin. John Flamsteed aliiingiza Uranus katika orodha yake ya nyota mwaka 1690, miaka 91 kabla ya William Herschel. Kisa cha Pluto kinauma zaidi. Percival Lowell, tajiri wa Marekani aliyejenga kituo chake mwenyewe huko Arizona, alifariki mwaka 1916 akiwa bado anaitafuta, na kumbe picha za Pluto zilipigwa kituoni hapo tangu 1915. Aliyeitambua ni kijana Clyde Tombaugh, Februari 1930, katika kituo kile kile.

Sasa turudi Palomar. Waliokuwa wakiisaka anga ni watatu: Mike Brown wa Caltech, Chad Trujillo wa kituo cha Gemini, na David Rabinowitz wa Chuo Kikuu cha Yale. Darubini yao, iitwayo Samuel Oschin, haikuwa ya kutisha. Upenyo wake ni mita 1.2, na ilikuwa kazini tangu 1948. Kipya kilikuwa kamera ya kidijitali yenye vipande 112 vya kunasa mwanga. Kazi yenyewe inachosha hata kuisimulia: unapiga picha kipande cha anga, unasubiri kiasi cha saa moja na nusu, unapiga tena, unasubiri, unapiga ya tatu. Nyota hazibanduki. Asteroidi zilizo jirani hupita mbio. Kinachojongea kidogo mno, kiasi cha kukufanya uhisi macho yamekudanganya, ndicho unachokitafuta.

Hapo lazima tuelewane jambo moja. Mwendo unaoonekana kwenye picha hizo, kwa sehemu kubwa, si wa gimba lile. Ni wa kwetu. Aliyesafiri kwa basi kwenda Moshi anakumbuka mkonge wa kando ya barabara unavyomkimbia, ilhali milima ya Upare inakwenda naye taratibu. Dunia ndiyo basi letu, na inakwenda kilomita 30 kwa kila sekunde.

Wenye kalamu wazitoe, maana hesabu hii haihitaji kompyuta. Kati ya picha ya kwanza na ya tatu zilipita saa 3.1. Kwa muda huo Dunia ilisafiri kama kilomita 335,000, pungufu kidogo ya umbali wa kutoka hapa hadi Mwezini. Nukta nayo ilionekana kusogea sekunde za tao 4.6. Sekunde ya tao ni nyuzi moja iliyogawanywa mara 3,600, kwa hiyo mwendo wote ule ni kama sehemu moja ya 400 ya upana wa Mwezi mpevu. Jiulizeni: kilomita 335,000 zionekane ndogo hivyo, mtazamaji awe mbali kiasi gani? Jibu ni kilomita bilioni 15, yaani mara 100 ya umbali wetu na Jua. Sedna nayo inatembea kidogo kuelekea tunakokwenda sisi. Ukiuhesabia mwendo huo, umbali unashuka hadi mara 90. Mwanga wa Jua ulitumia zaidi ya saa 12 kuifikia, na saa nyingine kama hizo kuturudia.

Nimeipenda hesabu hii kwa miaka mingi kwa sababu mwanafunzi wa kidato cha nne anaiweza. Picha tatu na kugawanya. Hata hivyo ndani yake mna kasoro iliyokaribia kutukosesha Sedna. Ili kompyuta isiwaletee mamia ya nukta za uongo, watafiti wale waliiagiza ipuuze chochote kinachokwenda chini ya sekunde za tao 1.5 kwa saa. Gawanyeni 4.6 kwa 3.1. Mtapata karibu 1.5 hiyo hiyo. Sedna ilipita ukingoni kabisa mwa mlango.

Wenye akili wakajiuliza mara moja: ni vingapi vilivyofungiwa nje? Wakaushusha ukomo, wakazipitia upya picha za zamani. Januari 5, 2005, katika picha zilizopigwa Oktoba 21, 2003, wiki kadhaa kabla ya zile za Sedna, wakaikuta Eris, inayokaribiana na Pluto kwa ukubwa na kuizidi kwa uzito. Ndiyo iliyoulazimisha Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia kupiga kura mjini Prague tarehe 24 Agosti 2006, Pluto ikawa sayari kibete. Wazazi wengi bado wanailaumu Prague kwa kuwavurugia vitabu vya watoto. Mimi nasema Pluto iliangushwa na namba moja iliyobadilishwa ndani ya programu ya kompyuta huko California.

Lakini kwangu Sedna ni mgeni mkubwa kuliko Eris. Upana wake ni kama kilomita 1,000, na rangi yake ni nyekundu kupita karibu kila kitu tunachokijua huko. Inapolikaribia Jua kabisa, jambo litakalotokea mnamo 2076, bado itakuwa mbali mara 76 ya umbali wetu. Kisha itaondoka hadi zaidi ya mara 900. Mzunguko mmoja huchukua zaidi ya miaka 11,000. Ilipokuwa mahali hapa mara ya mwisho, hapakuwa na mtu yeyote duniani aliyejua kuandika.

Tatizo liko kwenye ile 76. Neptuni, sayari kubwa ya mwisho, iko umbali wa mara 30 tu. Magimba mengi yenye njia ndefu namna hii yalirushwa na mvuto wa Neptuni, na kila lililorushwa hurudi karibu na mrushaji wake. Sedna hairudi. Kuna kitu kiliivuta ikaachana kabisa na Neptuni, na hatujui ni nini. Wapo wanaosema ni nyota jirani, enzi Jua letu lilipozaliwa katika kundi la nyota nyingi. Mwaka 2016 Brown na Konstantin Batygin wakapendekeza sayari kubwa isiyoonekana, iliyojificha mbali zaidi. Magazeti yalifurahi. Mimi nasubiri picha tatu za usiku mmoja.

Nisisahau kusimulia kisa cha mwezi wake, maana kinafundisha adabu. Vipimo vya mwanzo vilionyesha kwamba Sedna hujizungusha polepole mno, pengine kwa siku 40. Kitu kidogo hakiwi kizito hivyo bila kushikwa, kwa hiyo wakaamini ina mwezi unaoivuta. Darubini ya Hubble ikaelekezwa huko, mwezi haukuonekana. Vipimo vizuri zaidi vikaja kuonyesha kwamba hujizungusha kwa saa 10 hivi, kama wenzake. Nadharia nzuri ya mwezi ikafa, na hakuna aliyeona aibu.

Tuje kwenye jina. Mwanzoni wagunduzi waliiita Flying Dutchman, ile merikebu ya hadithi isiyofika bandarini. Kisha wakachagua Sedna, mama wa bahari wa Wainuiti wa kaskazini ya mbali, akaaye chini ya maji baridi ya Aktiki. Husimuliwa kwamba vidole vyake vilivyokatwa viligeuka sili na nyangumi. Wakapendekeza pia kwamba magimba mengine yatakayopatikana maeneo yale yapewe majina ya visasili vya Aktiki.

Chaguo zuri, utaratibu mbovu. Kanuni inataka gimba lipewe namba kwanza, na namba hutolewa njia ikishajulikana vizuri. Baada ya hapo ndipo mgunduzi hupeleka jina kamatini. Hapa jina lilitangazwa kwa waandishi wa habari kabla ya namba. Baadhi ya wanaastronomia walikasirika, na sikuwaona wakorofi. Hata hivyo Brian Marsden, wakati huo mkuu wa Kituo cha Sayari Ndogo, aliwaunga mkono wagunduzi, na Septemba 2004 kamati ikalikubali jina. Leo ni 90377 Sedna. Utetezi wangu kwao ni huu: zile picha kuukuu, pamoja na ile ya 1990, zilikuwa zimekwishawapa njia yake. Walilolitangulia ni faili tu.

Wagunduzi wa Haumea, gimba jingine la mbali, walikuwa na kesi ngumu zaidi. Timu ya Brown iliigundua Desemba 2004 ikanyamaza ili ikamilishe vipimo. Julai 2005 wanaastronomia wa Hispania wakaitangaza wao, na baadaye ikajulikana kwamba kabla ya kutangaza, kumbukumbu za darubini ya Wamarekani zilikuwa zimefunguliwa kwenye mtandao kutoka taasisi yao. Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia ulitoa hukumu ya kizee mnamo 2008: mahali pa ugunduzi pameandikwa Sierra Nevada, Hispania, sehemu ya jina la mgunduzi imeachwa tupu, na jina lililopita ni la Wamarekani, la mungu wa kike wa Hawaii. Kila upande uliondoka na nusu ya manung'uniko.

Afrika nayo iko kwenye orodha hii. Mwaka 2007 darubini ile ile ya Palomar ililinasa gimba namba 229762, na mwaka 2019 likapewa jina Gǃkúnǁʼhòmdímà, binti muhanga wa masimulizi ya Wasani wa Namibia, anayewalinda watu wake na kuwaadhibu waovu. Mwezi wake una jina la pembe yake ya choroa. Siwezi kulitamka sawasawa, na watangazaji wa California hawaniwezi kwa hilo. Nalifurahia, lakini furaha yangu ina mpaka. Wainuiti wametoa jina, Wasani wametoa jina, Wahawaii wametoa jina. Darubini zimetolewa na wengine, na kanuni inampa mgunduzi haki ya kupendekeza. Kuazimwa hadithi si sawa na kushiriki ugunduzi.

Nitaambiwa hatuna fedha. Kweli, kioo cha mita 8.4 kama cha kituo cha Rubin nchini Chile hatutakijenga kesho. Lakini ipo kazi nyingine ambayo mita hazihusiki sana. Gimba la mbali likipita mbele ya nyota, kivuli chake hupita juu ya Dunia, na aliye chini ya kivuli huona nyota ikizimika kwa sekunde chache. Urefu wa kuzimika huko hukupa upana wa gimba kwa usahihi ambao Hubble haiupati. Eris ilipimwa hivyo Novemba 2010 nchini Chile, na miongoni mwa darubini zilizofanya kazi hiyo zilikuwamo za kipenyo cha nusu mita. Pete ya ajabu ya gimba liitwalo Quaoar, iliyotangazwa mwaka 2023, dalili zake zilianza kunaswa mwaka 2018 na darubini moja iliyoko Namibia.

Kivuli hakichagui nchi. Hupita Dodoma, hupita Turkana, na utabiri wake hutolewa mapema kwa yeyote anayeutaka. Kinachohitajika ni darubini ya kiasi hicho, kamera ya haraka, saa inayosahihishwa kwa satelaiti, na vijana wawili watatu walio tayari kukesha mahali penye giza. Idara yangu imekwishaandika ombi. Liko mezani kwako, Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, chini ya lile la marekebisho ya paa la maabara, na ukiniuliza lipi lianze, mvua za masika zikiwa zimekaribia, nitajibu kwa uaminifu kwamba ni paa.