Mizani ya Zamani na Simu ya Leo
(Hotuba ya Katibu katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu)



Wengi wetu tulisimuliwa na wazee jinsi mkulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa alivyosimama mbele ya mizani ya mfanyabiashara asijue sindano yasema nini. Aliambiwa uzito, akapokea fedha, akaenda zake na mashaka moyoni. Ushirika wetu ulizaliwa katika mashaka hayo. Marehemu Paul Bomani, mzaliwa wa Ikizu, na wenzake waliwaunganisha wakulima wapate kuuza mazao yao kwa mizani wanayoiamini, na mwaka 1955 vyama vikakutana katika Muungano wa Vyama vya Ushirika vya Victoria.

Mizani ya leo ni simu. Kwa simu twalipwa mazao, na kwa simu twaitwa mikutanoni. Ruzuku ya mbolea iliyozinduliwa mwaka 2022 nayo ilimtaka mkulima aandikishwe, kisha apate namba yake kwa simu. Asiyeweza kuisoma simu hiyo yu pale pale alipokuwa babu yake mbele ya sindano.

Hatuna budi kukiri kosa letu wenyewe. Msimu mmoja tuliwaagiza wanachama wote walete namba za simu. Mjane mmoja wa Bunda, kwa kuwa hakuwa na simu, aliandikisha namba ya mpwa wake. Fedha za pamba zikatumwa, mpwa akazipokea, akanyamaza. Mama huyo alikuja ofisini kwa miguu mara tatu, na mara zote tatu tulimfungulia daftari tukamwambia, "Mama, umekwisha kulipwa." Daftari halikusema uongo, lakini mama hakupata hata senti. Hatukumwuliza namba ile ilikuwa ya nani.

Ndiyo maana Halmashauri yaomba mkutano huu ukubali kwamba kila chama cha msingi kichague vijana wawili, mmoja wao mwanamke, wawe walimu wa simu siku za kununua mazao. Mwaka 1970, uliotangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, watu wengi walifundishwa kusoma na majirani zao, chini ya miti. Hata hili laweza kufanyika hivyo. Lakini kijana asimnyang'anye mzee simu na kumbonyezea upesi upesi, kama tulivyozoea kuona. Mzee huondoka vile vile alivyokuja. Kidole kiwe cha mwenye simu. Aliyezoea Kizanaki au Kijita aelezwe kwa lugha yake maana ya nyota na reli, salio ni nini, na kwa nini namba ya siri haiambiwi mtu, hata Katibu. Aonywe pia juu ya wale wanaoandika, "Ile fedha itume kwa namba hii."

Stakabadhi za karatasi hazitaondolewa, wala tangazo la ubaoni. Malipo hayatapelekwa kwa namba ya mtu mwingine mpaka mwanachama mwenyewe aje na shahidi wake. Kila ghala lipatiwe umeme wa jua wa kuchajia simu, maana simu iliyozimika haimfai mtu kitu.

Limebaki jambo la mawasiliano yenyewe. Kuna Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2006, ili mahali pasipowavutia wafanyabiashara pafikiwe pia. Tumekusudia kuupelekea barua, nayo yataka majina ya vijiji. Karatasi iko kwa karani, karibu na mlango. Kila mjumbe, kabla ya kwenda kwenye chakula, aandike kijiji chake, na mahali simu inaposhika, hata kama ni juu ya jiwe moja tu.