Umetoka Ikulu? Barua iko wapi?

Nitachukua dakika chache tu, tuongee kuhusu Ikulu.

Ile nyumba ya Nairobi ilijengwa 1907, ikawa makao ya gavana wa kikoloni. Mwananchi hakuwa na haki pale. Akifika, amefika kuomba. Uhuru ukaja, bendera ikabadilika, lakini ile tabia ya kuomba tumebaki nayo. Hadi leo viongozi wetu wakialikwa Ikulu, picha zinajaa kwa simu: suti, chai, tabasamu. Wakirudi wanatuambia, "Rais ametuahidi."

Wewe uliza swali moja: ameandika?

Si utovu wa adabu. Hata dukani kwa jirani, ukikopa unga unaandikwa kwa daftari. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 135, inasema uamuzi wa Rais katika kazi aliyopewa na Katiba lazima uwe kwa maandishi, na uwe na muhuri na sahihi yake. Wazee wenu wanakumbuka zamani za Moi, waziri anasikia kwa redio, habari ya saa saba mchana, kwamba hana kazi tena. Neno la mdomo lilikuwa amri. Leo sivyo.

Angalieni Wamakonde wa Kwale. Walikaa Kenya miaka na mikaka bila kitambulisho. Oktoba 2016 wakafunga safari kwa miguu kuelekea Ikulu, Nairobi. Rais Uhuru Kenyatta akawapokea, akaagiza wasajiliwe. Siku kubwa, ndio. Lakini maisha yao hayakubadilishwa na picha ya siku ile. Yalibadilika 2017, vitambulisho vilipoanza kufika mkononi. Kabla ya hapo, kusajili laini ya simu kwa jina lako ni shida, kura huna, akaunti ya benki huna.

Kwa hivyo ujumbe ukirudi kutoka Ikulu, waulizeni kwa heshima mambo matatu: barua iko wapi, ni wizara gani imepewa hiyo kazi, na mwisho wake ni lini?

Wakikosa jibu, andika mwenyewe. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuuliza ofisi ya serikali, na unaweza kuandika kwa Kiswahili. Huhitaji wakili. Wana siku 21 za kukujibu. Wakikunyima, peleka malalamiko yako kwa ofisi ya Ombudsman. Weka nakala ya kila barua, na tarehe uliyoipeleka.

Chai ya Ikulu inanunuliwa kwa kodi yako, hata ya ile kredo uliyoweka leo asubuhi. Anayeenda kuinywa kwa niaba yako ana deni moja kwako: arudi na karatasi.