Ujira wa Msanii wa Ngoma za Jadi katika Uchumi Bunifu: Mfano wa Isukuti

Katika mijadala ya uchumi bunifu, yaani uzalishaji mali unaotegemea sanaa na urithi wa kitamaduni, ngoma za jadi husifiwa kuwa hazina ya taifa, lakini ni nadra mpiga ngoma kutazamwa kama mfanyakazi anayestahili ujira. Makala haya yanashikilia kwamba ngoma haiwezi kulindwa pasipo kumlinda anayeipiga.

Isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, huchezwa arusini, matangani, katika jando na hata katika sherehe za kiserikali, ikiongozwa na mwimbishaji na kuendeshwa na ngoma tatu, yaani kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na baragumu ya pembe ya swala na njuga za chuma. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi usioshikika unaohitaji kulindwa kwa dharura, kwa kuwa wachezaji wengi ni wazee wasio na warithi, fedha na vifaa vya kutengenezea ala na mavazi ni haba, na watunzi wengi wamekimbilia muziki wa biashara. Sababu hizo, ambazo huelezwa kana kwamba ni za kitamaduni tu, kwa kiasi kikubwa ni za kiuchumi: kijana anayeona fundi wake akirudi nyumbani na nauli na sahani ya pilau hana sababu kubwa ya kurithi kazi hiyo.

Mzizi mmoja wa tatizo umo katika sheria. Hakimiliki humlinda mtunzi anayejulikana, tena kwa muda maalumu, ilhali wimbo wa jadi hauna mtunzi wa kutajwa. Hivyo mtayarishaji anayeupangia ala mpya anaweza kudai hakimiliki ya mpangilio wake na kupokea mirabaha, yaani malipo yatolewayo kila kazi inapotumiwa, huku waliouimba wakiambulia posho ya siku moja. Njia ya kutokea ni hakishiriki, yaani haki za watendaji wanaoipa kazi sauti na mwili. Mkataba wa Roma wa 1961, unaohusu haki hizo, ulimfafanua mtendaji kwa kutaja kazi za fasihi na sanaa tu. Ule wa Shirika la Miliki Ubunifu Duniani (WIPO) wa 1996 uliwataja waziwazi wanaotenda sanaa za jadi, na wa Beijing wa 2012 ukafanya vivyo hivyo kwa kazi za sauti na picha. Maana yake ni kwamba wimbo unaweza kuwa wa wote, lakini sauti iliyorekodiwa ina mwenyewe.

Kenya imekwenda mbali zaidi, kwani Ibara ya 11 ya Katiba ya 2010 inalitaka Bunge litunge sheria ya kuzipatia jamii fidia au mirabaha utamaduni wao unapotumiwa, na sheria hiyo, iliyotungwa mwaka 2016, inaitambua jamii kuwa mmiliki. Hatua hiyo ni njema, ila jamii haina mkono wa kutia sahihi, na fungu lake likisimamiwa vibaya laweza kulimeza la mchezaji. Yafaa mafungu hayo yatenganishwe tangu mwanzo: la jamii ligharimie ala na mafunzo, la watendaji liandikwe katika mkataba kabla kamera haijawashwa. Ahadi ya "kutangazwa" isihesabiwe kuwa malipo, kwa maana hainunui ngozi ya kuwambia ngoma. Hoteli inayoalika kikundi hulipia jioni ile tu. Ikiirekodi ngoma na kuitumia kuvutia wageni msimu unaofuata, hayo ni matumizi mapya yanayodai malipo mapya.