Sidii za Picha Tulizotengeneza Nyumbani
(Maneno ya mwenzetu wa reli kwa wanachama wa Meru na Embu)

Mwaka 2004 baba yetu aligawa shamba huko Runyenjes mbele ya wazee. Picha zilitiwa katika sidii mbili, maana moja hubeba dakika 80 tu. Tukaziweka dirishani miaka mingi. Sasa baba hayupo, na ndugu zangu wanabishana juu ya mpaka. Sidii ya kwanza yacheza vizuri, ila maneno ya mpaka yamo katika ya pili, nayo haisomeki.

Sababu ni hii. Sidii ya dukani hupigwa chapa kiwandani. Ya kwetu huandikwa kwa mwanga juu ya rangi, na rangi hiyo hufifia kwa jua na joto. Basi mkirudi nyumbani, itieni katika kompyuta, fungueni folda iitwayo MPEGAV, nakilini faili la DAT, mliweke mahali pawili. Msiiandike juu kwa kalamu ngumu, huikwaruza.

Ile ya pili ninayo hapa mfukoni. Chombo kimoja hushindwa, kingine husoma. Mwenye kompyuta ya zamani anikaribishe jioni hii, tujaribu.