“Nitagusa Faili Moja Tu”



Mezani kwa mafundi wa simu husikika maneno haya: “Sitaifungua simu yote, nitagusa faili moja tu.” Tunaomba tuyapime pamoja.

Picha na nyimbo zilizo katika simu ni zako, wazifuta upendavyo. Mafaili ya mfumo yamefungwa hata kwako mwenye simu, ili programu ya mwizi isipate kujifanya wewe. Fundi asiye na mamlaka kamili juu ya mfumo, akitaka kuyaandika upya, sharti atafute ufa. Nyufa zipo kweli. Mwaka 2016 ilitangazwa kasoro iitwayo Dirty COW, yaani ng’ombe mchafu. Wafugaji msishtuke, hakuna ng’ombe aliyehusika. Ilikuwa imejificha tangu 2007 katika Linux, ambayo ndiyo msingi wa simu za Android, nayo iliiwezesha programu ya kawaida kuandika juu ya faili la kusomwa tu. Desemba 2022 Apple iliziba ufa wa namna hiyo katika iPhone. Waliobaki na toleo la zamani waliutumia kubadili mwandiko na sura ya skrini, na simu ikizimwa na kuwashwa mapambo hayo yakatoweka.

Mapambo si shauri letu. Linalotuhusu ni kwamba ufa anaoupitia fundi, programu ya wizi huupitia pia, ikaifuata namba yako ya siri ya pesa. Fundi akikushauri usisasishe simu ili kazi yake iwe nyepesi, amekuomba uache mlango wazi usiku kucha.

Lipo pia ombi zito zaidi, la kubadili IMEI, zile tarakimu 15 zinazoitambulisha simu kwenye mtandao. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2010 ya mawasiliano ya kielektroniki na posta inalihesabu tendo hilo kuwa kosa. Namba ikishabadilishwa, mama aliyeibiwa ng’ambo hana tena cha kutuonyesha kwamba simu ile ni yake. Nawe uliyeinunua kwa bei ya kutupa, bila risiti, huna cha kututhibitishia kwamba hukuiiba.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, bonyeza *#06#, ulinganishe na namba iliyo kwenye boksi. Simu ya laini mbili huonyesha namba mbili, hilo lisikutie shaka. Ziandike katika daftari la nyumbani, kwa maana ukiziandika ndani ya simu zitaondoka nayo. Ukiibiwa, fika kituoni nazo pamoja na risiti. Namba zikitofautiana na za boksi, usilipe. Mwambie muuzaji muongozane hadi kwetu. Akikataa, mwache aende, wewe uje.