Amri ya Tano: Habari ya Vijana Walioitwa Bill



Juma lililopita tuliisoma amri ya tano, tukasema juu ya hasira na kisasi. Baadaye wazazi wa Manika na wa Dilala walituuliza: Je, sinema yaweza kumfundisha mtoto kumwaga damu? Hatupendi kujibu upesi. Tutawasimulia kwanza mambo yaliyotokea katika nchi yetu wenyewe, kisha mtapima.

Katika miaka ya 1950, Leopoldville, mji uitwao sasa Kinshasa, ulijaa vijana walioitwa Bill. Jina hilo walilitoa katika sinema za Marekani, hasa za yule mwindaji Buffalo Bill, ambaye sinema ya mwaka 1944 ilieneza sifa zake. Katika sinema hizo waliwaona wanaume wenye kofia pana, wamepanda farasi, wenye bastola kiunoni, wasiomwogopa mtu. Basi wavulana wa Leopoldville wakatafuta suruali za jinzi na vitambaa vya shingoni, wakatembea kwa kuyumbisha mabega. Farasi hawakuwa nao. Mitaa yao wakaipa majina ya mbali, kama Texas, wakajitungia na lugha yao, Hindubill, ambayo ni Lingala iliyochanganywa na Kifaransa na maneno mengine, ili wakubwa wasiwaelewe.

Kila mtaa ulikuwa na kikundi chake na mkubwa wake. Kijana wa mtaa mmoja akivuka kuingia mtaa wa pili alipigwa, na kesho yake ndugu zake walikwenda kulipiza. Leo wazee wa Kinshasa huwakumbuka Bill kwa kicheko, wakisifu mavazi yao na misemo yao. Lakini tukiwauliza akina mama waliokuwa wasichana siku zile, kicheko kinapungua. Msichana alihesabiwa kuwa mali ya mtaa. Wapo walioshikwa kwa nguvu na kuharibiwa, na maombolezo yao hayakutiwa katika masimulizi ya mashujaa. Sisi twaona kwamba habari ya Bill isiyowataja wasichana hao ni habari nusu.

Je, kosa lilikuwa la sinema? Serikali ya Kibelgiji ilikuwa na tume ya kuchuja sinema zilizoonyeshwa kwa watu weusi, na hizi za kofia pana zilipita. Hata mapadri walizionyesha katika viwanja vya misioni! Tena fikirini jambo hili: ng'ambo ya mpaka wetu, katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, watu walizipenda sinema zile zile. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Mama Hortense Powdermaker, alikaa Luanshya mwaka 1953 na 1954, akaona jinsi wachimbaji na watoto wao walivyoshangilia kila pigo la ngumi. Kila shujaa wa farasi walimwita kwa jina moja tu, Jack, au Jeke kwa matamshi ya huko. Maelfu walitazama, wakacheka, wakarudi nyumbani kulala.

Basi twatafute zaidi. Katika Leopoldville ya siku zile, mwanamume mwenye mke na watoto aliitwa boi na kijana mzungu. Wavulana wengi hawakuwa na shule wala kazi, na hawakupewa neno lolote katika mambo ya mji wao. Halafu ukutani, katika giza, akatokea mtu ambaye hakuna awezaye kumwita boi. Hiyo ndiyo njaa waliyokwenda nayo sinemani, na sinema ikawalisha chakula kibovu. Maana katika sinema zile aliyepigwa risasi huanguka nyuma ya pipa, nayo hadithi ikaendelea. Hana mama. Hapana anayemwosha, hapana matanga. Mtoto akijifunza kifo namna hiyo, amejifunza uongo.

Alikuwako padri mmoja Mbelgiji wa shirika la Scheut, jina lake Jozef de Laet. Yeye hakungoja vijana hawa waje kanisani wamevaa vizuri. Aliwaendea, akajifunza Hindubill, akasema nao kwa lugha ile ile waliyoitunga ili kuwaficha watu kama yeye. Wakamwita Père Buffalo. Wakristo wengine waliona ni aibu padri kuitwa jina la mwindaji wa nyati. Sisi twaona ni jina la heshima, kwa kuwa walimpa wenyewe.

Twayasimulia haya kwa sababu ya vijana waitwao kuluna, ambao kwa miaka mingi wamewatisha watu wa Kinshasa kwa mapanga. Hatutawatetea: mtu aliyekatwa mkono kwa ajili ya simu anajua uovu wao kuliko sisi. Lakini Novemba 2013 polisi walianza kazi iliyoitwa Likofi, yaani ngumi, na mwaka 2014 shirika la Human Rights Watch liliandika kwamba vijana wasiopungua 51 waliuawa katika kazi hiyo, wengine mbele ya jamaa zao. Machi 2024 serikali iliondoa zuio la kutekeleza hukumu ya kifo. Januari 2025 wafungwa zaidi ya 100 waliokwisha kuhukumiwa kufa walipelekwa gereza la Angenga. Na tuliwasikia Wakristo, hata hapa Kolwezi, wakisema: Vema, wauawe. Walilisema kwa urahisi ule ule wa mtu aketiye sinemani.

Swali: Je, amri ya tano yamlinda na mwizi mwenye panga?
Jibu: Yamlinda. Afungwe, ahukumiwe, awalipe aliowaumiza kadiri awezavyo. Lakini mwaka 2018 Papa Fransisko aliliandika upya fungu la 2267 la Katekisimu, linalofundisha kwamba adhabu ya kifo haikubaliki, kwa kuwa yaudhulumu utu wa mtu.

Swali: Je, tuwazuie watoto wetu wasitazame sinema?
Jibu: Mtawazuia wapi? Sinema imo simuni, hata kando ya mashimo ya Kasulo, ambako wavulana wamekua wakichimba kobalti chini ya nyumba za watu. Keti naye atazamapo. Yule mtu akianguka, muulize mtoto: Nani atamzika? Mama yake ataambiwa na nani? Kisha umwache ajibu mwenyewe.

Swali: Na yule ambaye amekwisha ingia katika kikundi?
Jibu: Mjue kwa jina lake la kikundi pamoja na jina la ubatizo. Mkaribishe chakula kabla ya kumwonya. Akikuchekea, rudi kesho.

Jumatano ijayo tutasoma amri ya sita. Wale wasiojua kusoma wasikilize pamoja na jirani mwenye kitabu.