Miaka 20 ya fedha za Gates

Mei 2025 Bill Gates alitangaza kwamba taasisi yake itafungwa mwaka 2045, baada ya kutumia zaidi ya dola bilioni 200. Mwezi uliofuata, akiwa Addis Ababa, akasema sehemu kubwa ya fedha hizo itakuja Afrika. Ni habari njema, hasa baada ya Marekani kufyeka misaada yake. Lakini nani atapanga matumizi? Wafadhili hupenda chanjo, maana dozi zinahesabika; mshahara wa muuguzi anayefungua jokofu la chanjo hizo kila asubuhi hupata mfadhili kwa nadra. MacKenzie Scott, bilionea kama Gates, huyapa mashirika fedha bila masharti, nayo huamua yenyewe pa kuzitumia. Gates naye aige hilo, na serikali zetu zimwajiri muuguzi huyo kwa bajeti zao, kuanzia sasa.